Je, Wajua? Mdakaji wa Besiboli Leo, Kocha wa Kesho

Ishiara, kwenye joto la Mbeere Kaskazini, watu huzungumza ndengu, muguka, embe na mbuzi. Besiboli haitajwi sana. Hata hivyo, mchezo huu una nafasi moja ambayo kila mwalimu wa michezo wa Embu, Tharaka na Meru anafaa kuijua: nafasi ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kutoka nafasi hiyo wametoka makocha wengi mno, na tukiijua siri yake tutajua jinsi ya kulea walimu wa mchezo wowote.

ANAYEONA UWANJA WOTE

1. Je, wajua kwamba besiboli na raunda ni ndugu? Msichana aliyewahi kucheza raunda katika shule ya msingi ya Kenya anamjua mrushaji, anamjua mpigaji na anajua kuzunguka vituo. Anamjua pia yule anayekaa nyuma ya mpigaji ili mpira usipite. Katika besiboli, huyo ndiye mdakaji. Jina la besiboli lilichapishwa katika kitabu cha watoto Uingereza mwaka 1744.

2. Je, wajua kwamba timu inayolinda ina watu 9, na 8 kati yao humtazama mpigaji? Mdakaji peke yake huwatazama wenzake. Akiinua macho anaona nani amesogea, nani amesinzia na pengo liko wapi. Ndiye anayewapanga kwa mkono na kwa sauti.

3. Je, wajua kwamba mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kituo cha nyumbani, anaposimama mpigaji? Mpira ukirushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, humfikia mpigaji kwa muda wa sekunde 0.4 hivi. Katika muda huo mdakaji anatakiwa aone mpira unakokwenda, apeleke glavu na aushike kwa utulivu.

4. Je, wajua kwamba kwa kawaida mdakaji ndiye anayependekeza mrusho utakaofuata? Kwa zaidi ya karne moja, wadakaji waliashiria kwa vidole vilivyofichwa katikati ya mapaja: kidole kimoja kwa mpira wa kasi, viwili kwa mpira unaopinda. Mwaka 2022 Ligi Kuu ya Marekani iliruhusu kifaa cha kielektroniki. Sasa mdakaji anabonyeza kitufe, na mrushaji anasikia ishara ndani ya kofia yake. Kifaa kimebadilika, lakini uamuzi bado ni wa mwenye akili ya mchezo.

5. Je, wajua kwamba kutoka kituo cha nyumbani hadi besi ya pili, yaani kituo cha pili, ni takriban mita 38.8? Mkimbiaji akijaribu kuiiba besi hiyo, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, mdakaji hodari hudaka, huinuka na kuufikisha mpira huko kwa sekunde 2 hivi. Akichelewa kidogo tu, mkimbiaji amefika salama.

6. Je, wajua kwamba mwinuko wa ardhi hubadilisha mchezo? Denver, mji wa Marekani ulio juu ya mita 1,600, una hewa nyepesi: mpira uliopigwa huenda mbali zaidi na mpira wa kupinda haupindi sana. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Mdakaji wa Embu na mdakaji wa Mombasa hawawezi kuagiza mirusho ileile na kupata matokeo yaleyale. Lazima kila mmoja aisome hewa ya kwao.

7. Je, wajua kwamba kuanzia msimu wa 2026 Ligi Kuu ya Marekani imeruhusu uamuzi wa mwamuzi kuhusu mrusho upingwe na kukaguliwa kwa mitambo? Ombi hilo haliwezi kutoka kwa kocha aliye benchini. Wenye haki hiyo ni watatu tu: mpigaji, mrushaji na mdakaji. Mdakaji huona mpira kutoka karibu sana, kwa hiyo utulivu wake unaweza kuiokoa timu.

MAVAZI NA MAUMIVU

8. Je, wajua kwamba wadakaji wa kwanza walidaka uso ukiwa wazi? Katika miaka ya 1870, Fred Thayer wa Chuo Kikuu cha Harvard alibuni kinyago cha nyaya za chuma na kupata hataza yake mwaka 1878. Wapo watazamaji waliowacheka wavaaji wake. Leo hata mtoto wa miaka 8 haruhusiwi kuchuchumaa nyuma ya mpigaji bila kinyago.

9. Je, wajua kwamba Roger Bresnahan wa New York Giants alivaa kinga za miguu mbele ya umma mwaka 1907, naye akachekwa? Hakuzivua. Punde wenzake wakamwiga. Miaka miwili baadaye alikuwa mdakaji na kocha mkuu kwa pamoja, huko St. Louis.

10. Je, wajua kwamba ile kinga inayoning'inia chini ya kinyago ilizaliwa na ajali? Mwaka 1976, Steve Yeager wa Los Angeles Dodgers alikuwa akisubiri zamu yake ya kupiga. Gongo la mwenzake likavunjika, na kipande kikamchoma shingoni. Alipopona, kinga ya koo ikabuniwa kwa ajili yake, na wadakaji wengine wakaifuata. Baada ya kustaafu, Yeager alirudi Dodgers kuwafundisha wadakaji.

11. Je, wajua kwamba mwaka 2011 Buster Posey wa San Francisco Giants alivunjika mguu alipogongwa na mkimbiaji aliyekuwa akirudi kituo cha nyumbani? Kufikia mwaka 2014 ligi ilikuwa imeweka sheria ya kuzuia kugongana kwa makusudi. Posey alirudi uwanjani, akatwaa mataji zaidi, na mwaka 2024 akakabidhiwa usimamizi wa shughuli zote za besiboli za timu hiyohiyo.

12. Je, wajua kwamba katika mechi moja ya ligi kuu mdakaji anaweza kuchuchumaa zaidi ya mara 100? Msimu una mechi 162. Magoti huchoka, vidole hupinda, mgongo hulalamika. Ndiyo maana wadakaji wengi huanza kuufikiria ukocha mapema. Mwili unapowaaga, akili inakuwa imekomaa.

KUTOKA KUCHUCHUMAA HADI BENCHI LA UFUNDI

13. Je, wajua kwamba kocha aliyeshinda mechi nyingi kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu alikuwa mdakaji? Connie Mack aliiongoza Philadelphia Athletics kwa misimu 50, kuanzia 1901 hadi 1950. Ushindi wake wote ni mechi 3,731. Alikaa benchini akiwa na suti na tai, hakuvaa jezi.

14. Je, wajua kwamba kocha bingwa si lazima awe amewahi kuwa nyota? Bruce Bochy, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1955 kwa baba mwanajeshi wa Marekani, alidaka misimu 9 katika timu za Houston, New York na San Diego. Alicheza mechi 358 tu, nyingi akiwa mdakaji wa akiba. Lakini katika miaka yote ya kukaa akisubiri alikuwa akitazama. Akiwa kocha mkuu aliipa San Francisco Giants ubingwa mwaka 2010, 2012 na 2014. Akastaafu mwaka 2019, kisha akaitwa tena na kuipa Texas Rangers ubingwa wake wa kwanza mwaka 2023, akiwa na umri wa miaka 68.

15. Je, wajua kwamba kuanzia 1998 hadi 2002, miaka 5 mfululizo, ubingwa wa World Series, fainali ya Ligi Kuu, ulichukuliwa na makocha waliowahi kudaka? Joe Torre aliutwaa 1998, 1999 na 2000 akiwa na New York Yankees. Bob Brenly akautwaa 2001 na Arizona, naye Mike Scioscia 2002 na Angels. Jambo likijirudia miaka mitano, si bahati tena. Ni matunda ya mafunzo.

16. Je, wajua kwamba Japani nayo inasimulia hadithi hiyohiyo? Katsuya Nomura alimpoteza baba yake akiwa mdogo kwa sababu ya vita, akaingia timu ya Nankai Hawks mwaka 1954 kwa majaribio. Akawa mdakaji aliyepiga mipira 657 nje ya uwanja. Kuanzia 1970 alikuwa kocha mkuu huku bado anadaka. Baadaye aliiongoza Yakult Swallows kuwa mabingwa wa Japani mwaka 1993, 1995 na 1997.

17. Je, wajua kwamba wadakaji wazuri hurithishana kazi? Bill Dickey alikuwa mdakaji wa Yankees. Alipostaafu alirudi kumnoa kijana mmoja mfupi aliyedaka vibaya, Yogi Berra. Berra akatwaa ubingwa wa World Series mara 10 akiwa mchezaji, idadi ambayo hakuna aliyeifikia. Dickey huyohuyo akamfundisha pia Elston Howard aliyekuja kurithi nafasi ya Berra. Mwaka 1972 Yankees waliistaafisha jezi namba 8 kwa heshima ya Dickey na Berra kwa pamoja.

18. Je, wajua kwamba Berra alipokuwa kocha mkuu alizifikisha timu mbili za ligi mbili tofauti kwenye World Series? Yankees mwaka 1964, na New York Mets mwaka 1973. Kabla ya hayo yote, Juni 1944, alikuwa baharia kijana ndani ya mashua ya vita kwenye fukwe za Normandy.

19. Je, wajua kwamba kushindwa hakumfungii mdakaji mlango? Tarehe 28 Juni 1907, Branch Rickey alidaka huku bega linamuuma, na wapinzani wakamwibia besi 13 katika mechi moja. Aliacha kucheza, akawa kocha, kisha kiongozi wa klabu. Ndiye aliyemsajili mchezaji Mweusi Jackie Robinson, na mwaka 1947 ukuta wa ubaguzi wa rangi katika Ligi Kuu ukabomoka.

WEUSI NA WANAWAKE WALIOFUNGUA NJIA

20. Je, wajua kwamba miaka 63 kabla ya Robinson kulikuwa na mdakaji Mweusi katika ligi kubwa? Moses Fleetwood Walker alicheza mechi 42 za Toledo mwaka 1884, zama ambazo mikono ya mdakaji ilikuwa haina kinga ya maana. Baada ya hapo wenye timu walikubaliana kuwafungia Weusi mlango, nao ukafungwa hadi 1947.

21. Je, wajua kwamba Josh Gibson, mdakaji wa Ligi za Weusi, hakupata kucheza Ligi Kuu hata siku moja? Alifariki Januari 1947, miezi michache kabla ya Robinson kuingia. Mwaka 2024 takwimu za Ligi za Weusi zilijumuishwa rasmi katika zile za Ligi Kuu, na wastani wake wa kupiga wa .372 ukawa wa kwanza katika historia yote. Haki ilichelewa, lakini imeandikwa.

22. Je, wajua kwamba mwaka 1946, kocha Walter Alston wa timu ya Nashua alipotolewa uwanjani na mwamuzi, alimwachia timu mdakaji wake Roy Campanella? Hivyo Campanella akawa Mweusi wa kwanza kuwaongoza wachezaji Weupe katika besiboli rasmi ya kulipwa. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi yake mara 3: 1951, 1953 na 1955. Januari 1958 gari lake lilipinduka, akapooza. Kwenye kiti cha magurudumu aliendelea kuwafundisha wadakaji chipukizi wa Dodgers, Mike Scioscia miongoni mwao. Mwanafunzi huyo ndiye yule bingwa wa 2002.

23. Je, wajua kwamba Elston Howard, Mweusi wa kwanza kuichezea Yankees mwaka 1955, ndiye pia aliyekuwa kocha Mweusi wa kwanza katika American League, moja ya ligi mbili za Ligi Kuu, mwaka 1969? Alipoacha kudaka, akamalizia kwa kufundisha.

24. Je, wajua kwamba njia hii ni ya wasichana pia? Verónica Álvarez alikuwa mdakaji wa timu ya taifa ya wanawake ya Marekani. Baadaye akawa kocha mkuu wa timu hiyohiyo, na klabu ya Oakland Athletics ikamchukua kuwa miongoni mwa makocha wake.

25. Je, wajua kwamba baba mmoja wa kijijini Puerto Rico aliwalea wadakaji watatu wa Ligi Kuu? Benjamín Molina alifanya kazi kiwandani mchana, na jioni akawafundisha watoto wa mtaa besiboli. Wanawe Bengie, José na Yadier wote walikuwa wadakaji, na wote walitwaa ubingwa wa World Series. Mwaka 2023 Yadier aliiongoza timu ya taifa ya Puerto Rico kama kocha mkuu. Haya yote yalianzia kwenye kiwanja cha mtaa na mzazi aliyekuwa na muda wa watoto.

HAPA KWETU AFRIKA

26. Je, wajua kwamba watoto wa Uganda walishinda tiketi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League mwaka 2011, kisha wakanyimwa viza kwa utata wa hati za umri? Watoto wa Langley, Kanada, waliokuwa wacheze nao, walisafiri hadi Uganda mwanzoni mwa 2012 ili mechi ile ichezwe. Waganda wakashinda 2–1.

27. Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 2012 timu ya Lugazi ilifika Williamsport, Pennsylvania, na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano hayo? Ilipata ushindi wa 3–2 dhidi ya vijana wa Oregon katika mechi ya pembeni. Mwaka 2015 Uganda ilirudi na kuishinda Jamhuri ya Dominika 4–1. Jamhuri ya Dominika ni nchi ambayo mtoto huanza kushika gongo kabla ya kalamu.

28. Je, wajua kwamba Mpigi, nje ya Kampala, kuna shule yenye viwanja vya besiboli, iliyojengwa kwa juhudi za Mmarekani Richard Stanley? Miaka ya kulea vijana imezaa matunda: mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Mganda mwingine, David Matoma, alisajiliwa na Pittsburgh Pirates.

29. Je, wajua kuhusu Dennis Kasumba, mdakaji yatima kutoka Gayaza, Uganda? Alijinoa kwa matairi, matofali na madumu ya maji, na video za mazoezi yake zikaenea duniani. Mwaka 2023, baada ya kuhangaikia viza, alijiunga na Frederick Keys katika MLB Draft League, Marekani. Nyuma yake alikuwepo Paul Wafula, kocha aliyemwingiza katika mchezo huu. Bila kocha huyo wa mtaani, dunia isingemjua Kasumba.

30. Je, wajua kwamba Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa na kukulia barani hapa kucheza Ligi Kuu ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini? Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na Pittsburgh Pirates, alipata pigo safi mara yake ya kwanza kushika gongo. Alikulia kwenye jengo la klabu ya besiboli alikofanya kazi mama yake.

31. Je, wajua kwamba Tanzania ina mashindano ya vijana yaitwayo Tanzania Koshien, jina lililotoka kwenye mashindano maarufu ya shule za sekondari za Japani? Wajapani walisaidia pia kujengwa kwa uwanja wa besiboli katika Shule ya Sekondari ya Azania, Dar es Salaam.

KWA MWALIMU NA MZAZI WA ISHIARA

32. Je, wajua kwamba shule inaweza kuanza bila glavu wala gongo? Upo mchezo rasmi uitwao Baseball5: wavulana na wasichana pamoja, watu 5 kila upande, mpira mmoja wa raba unaopigwa kwa mkono. Besi zinatengana mita 13 tu, kwa hiyo kona ya uwanja wa shule inatosha. Umepangwa kuchezwa katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar mwaka 2026. Hauna mdakaji wala mrushaji, ila unafundisha kusoma mkimbiaji na kutupa kwa haraka. Mtoto akishika hayo, kuvaa kinyago ni hatua ya baadaye.

33. Je, wajua kwamba besiboli ya kawaida itarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028? Mara ya mwisho ilichezwa katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Marekani ilipata fedha, na kocha wake alikuwa Mike Scioscia, mwanafunzi wa Campanella.

34. Je, wajua kile ambacho wadakaji hawa wote walikuwa nacho, kuanzia Mack hadi Molina? Walijua kazi ya kila mwenzao. Walizoea kuumia bila kuacha kazi, kuwatuliza warushaji waliopaniki, na kubeba lawama za mpira uliopita. Hiyo ndiyo kazi ya kocha, nao waliianza wakiwa bado wachezaji.

Kwa hiyo, mwalimu wa Ishiara, Siakago, Chuka au Meru, usimtafute mfungaji tu. Katika timu yako ya raunda, ya netiboli au ya mpira wa miguu yupo mtoto anayewapanga wenzake, anayeuliza kwa nini, anayebaki kuokota vifaa wengine wakishaondoka. Mpe filimbi dakika kumi. Mwache aongoze mazoezi ya kupasha mwili. Mwambie mbele ya wenzake kwamba umemwona. Mchezaji nyota huishinda mechi ya leo. Mtoto huyu ndiye atakayewalea wachezaji wa miaka ishirini ijayo, basi mlee sasa.